Penye Miti Hapana Wajenzi: Ujira wa Mawakili na Gharama za Maisha Massachusetts



Wazazi wenzetu wa hapa Lowell, na wengine wa Worcester na Lynn, wametuuliza mara nyingi kama uwakili ni kazi ya kumsomesha mtoto katika jimbo hili la Massachusetts, na kama ni kweli kwamba wakili wa Marekani ni tajiri kama isemwavyo. Hutuuliza sisi kwa sababu binti yetu wa pili ni wakili tangu mwaka 2021. Hadi sasa tumekuwa tukijibu kwa mdomo, msibani na arusini, nasi twaona kuwa majibu ya namna hiyo hayatoshi. Mwezi huu tumeonelea tuandike. Tutatanguliza hesabu, kisha tutaeleza yale tuliyoyaona kiangazi cha mwaka 2025, wakati ujira wa mawakili ulipogeuka kuwa suala la nani akae mahabusu na nani arudi nyumbani kwao.

La kwanza la kufahamu ni kwamba jina la wakili ni moja, lakini mishahara iliyo nyuma yake haifanani hata kidogo. Takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2024 zinaeleza kuwa wakili wa katikati, yaani yule ambaye nusu ya mawakili wote nchini wanamzidi na nusu wako chini yake, alipata dola 151,160 kwa mwaka. Ndugu zetu wa Mombasa wakilisikia hilo hudhani kila wakili anabeba kiasi hicho. Lakini miongoni mwa wanaoanza kazi, wanaosimama hapo katikati ni wachache. Wamegawanyika makundi mawili. Kundi moja huingia katika makampuni makubwa ya uwakili ya Boston, ambayo wateja wake ni mabenki, watengenezaji wa dawa na matajiri wa mitaji, na huko tangu mwaka 2024 mwanzo wa mshahara umekuwa dola 225,000. Kundi la pili huingia katika ofisi ndogo za mitaani, katika afisi za waendesha mashtaka, katika mashirika ya msaada wa kisheria, au huchukua kesi za watu maskini kwa kuteuliwa na mahakama. Hawa huanza kwa theluthi moja ya fedha zile, au pungufu yake. Wote wamesoma vitabu vilevile, na wote wamefanya mtihani mmoja.

Na vitabu hivyo havipatikani bure. Mtoto husoma chuo kikuu miaka minne, kisha huanza shule ya sheria kwa miaka mitatu mingine. Jimbo hili limejaa shule za sheria: Harvard, Boston University, Boston College, Northeastern, Suffolk na nyinginezo. Katika zile zenye jina kubwa za binafsi, ada peke yake hupita dola 60,000 kwa mwaka, kabla mwanafunzi hajanunua mkate wala kulipa kodi ya chumba. Shule ya sheria ya umma ni moja tu, ile ya Chuo Kikuu cha Massachusetts iliyoko Dartmouth, ambayo ada yake kwa wakazi wa jimbo ni nafuu mno kuliko hizo. Kisha upo mtihani wa uwakili, ambao tangu Julai 2018 ni ule wa pamoja unaotumiwa na majimbo mengi. Hapa mtu hufaulu kwa alama 270 kati ya 400, na alama hizo zaweza kumfungulia mlango katika jimbo jingine linalotumia mtihani huohuo. Msomaji aliweke akilini hilo la alama kuvuka mipaka, kwani tutalirejea.

Wazazi wenye watoto wanaojitayarisha wazingatie pia kwamba mikopo imebadilika. Zamani mwanafunzi wa sheria aliweza kukopa kwa serikali kuu gharama yote ya masomo. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imeufuta mkopo huo kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026, na kuweka ukomo wa dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla kwa masomo ya taaluma kama sheria na udaktari. Ada inapopita ukomo, kinachobaki hutafutwa benki, kwa riba ya benki, na mara nyingi kwa mdhamini. Na mdhamini, wapenzi wasomaji, ni baba na mama.

Sasa tuje kwenye maisha yenyewe, maana mshahara haujulikani ukubwa wake mpaka ujulikane unanunua nini. Aliye Boston atafutaye nyumba ya chumba kimoja cha kulala, katika mitaa mingi ataombwa dola 2,500 na kuendelea. Huku kwetu Lowell ni nafuu kidogo, lakini unafuu huo unapungua kila mwaka kwa sababu wanaoshindwa na Boston wanahamia kwetu. Kwa miaka mingi mpangaji alitakiwa atoe kwa mkupuo kodi ya mwezi wa kwanza, ya mwezi wa mwisho, amana, na ada ya dalali iliyolingana na mwezi mmoja, hata kama dalali huyo aliitwa na mwenye nyumba. Hiyo ni dola 10,000 kabla hujaingiza godoro. Tangu tarehe 1 Agosti 2025 sheria imeagiza kuwa aliyemwita dalali ndiye amlipe, nasi tunawahimiza wasomaji waikumbuke wanapotiliana saini.

Kuna na kodi. Jimbo hukata asilimia 5 ya kipato, kwa mdogo na mkubwa, na asilimia 4 ya ziada kwa sehemu ya kipato inayopita takriban dola milioni moja, jambo lililoanza mwaka 2023 na ambalo halijatugusa sisi. Dukani hutozwa asilimia 6.25, ingawa vyakula vya kupika nyumbani havitozwi, wala nguo isiyozidi dola 175. Majira ya baridi huja na ankara ya kupasha nyumba moto, na hiyo haimwulizi mtu kama amelipwa au hajalipwa. Mwenye mtoto mchanga akimpeleka kituo cha kulelea hutoa zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka. Tunajua dada zetu kadhaa waliopiga hesabu wakaona afadhali kuacha kazi na kukaa na mtoto, kwani mshahara wote ungeishia mlangoni mwa kituo.

Binti yetu ametupa ruhusa ya kuitoa hesabu yake ya mwaka 2024, ili wanaodhani wapate kuona. Yeye ni miongoni mwa mawakili wa kuteuliwa. Hawa ni mawakili wa kujitegemea ambao jimbo huwalipa kwa saa ili wawatetee washtakiwa wasio na uwezo, chini ya kamati ya jimbo inayosimamia utetezi wa maskini. Si waajiriwa. Hawana likizo ya malipo, bima ya afya wala pensheni. Katika mahakama za wilaya malipo yalikuwa dola 65 kwa saa, mahakama ya juu 85, na kesi za mauaji 120. Kesi zake nyingi ni za mahakama za wilaya.

Mwaka huo alidai saa 1,400, akapata dola 91,000. Dola 11,000 zilikwenda kwenye sehemu yake ya kodi ya ofisi, bima ya kazi, simu, vitabu vya sheria na safari za mahakamani. Zikabaki 80,000. Kwa kuwa amejiajiri, hulipa peke yake zile fungu mbili za hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni ambazo mwajiriwa hugawana na mwajiri wake, na hizo zilipita dola 11,000. Serikali kuu ilichukua kodi ya kipato karibu 5,500, na jimbo takriban 3,600. Bima ya afya ilikuwa dola 400 kwa mwezi. Kodi ya nyumba, chumba kimoja hapa Lowell, 1,900 kwa mwezi. Deni la masomo, 900 kwa mwezi. Gari, bima yake na mafuta, 700. Chakula, umeme na kupasha moto, 850. Mwaka ulipokwisha zilikuwa zimesalia karibu dola 2,600 za kununua nguo, kuweka akiba, kuchangia misiba na kutuma nyumbani.

Nyumbani nako wanapiga hesabu yao. Kwa kiwango cha takriban shilingi 129 kwa dola, kilichokuwako mwaka 2025, dola 65 ni zaidi ya shilingi 8,000 za Kenya kwa saa moja. Ami yake alipolisikia hilo alimwandikia kwa upole kuwa, kwa kuwa Mungu amemfungulia, basi asiwasahau walioko. Hatukumlaumu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ameuona ujira kwa shilingi, na gharama zote za upande wa pili huzilipa binti yetu kwa dola.

Huenda msomaji akasema: kuna msamaha wa mikopo kwa wanaotumikia umma. Ni kweli, mpango huo uliwekwa mwaka 2007, na humfutia deni lililobaki mtu aliyekwisha kulipa mara 120 akiwa mwajiriwa wa serikali au wa shirika lisilo la faida. Wakili wa kuteuliwa hufanya kazi ya umma kutwa nzima, lakini kwa kuwa yuko kwa mkataba na si mwajiriwa, kwa kawaida hahesabiwi.

Sasa tuangalie jinsi ujira huo ulivyofika hapo. Mwaka 2004 mahakama kuu ya jimbo iliamua kesi iliyotoka kaunti ya Hampden, upande wa Springfield, ambako mawakili walikuwa wamepungua kwa sababu ya malipo duni na washtakiwa wakikaa mahabusu bila mtetezi. Majaji waliamua kuwa mtu asiye na wakili asizuiliwe zaidi ya siku 7, na mashtaka yasiendelee kuning'inia zaidi ya siku 45. Mwaka uliofuata, 2005, bunge la jimbo lilipandisha malipo ya mahakama za wilaya hadi dola 50. Miaka 20 baadaye yalikuwa dola 65. Katika miaka hiyohiyo 20 bei za vitu nchini Marekani zilipanda kwa zaidi ya asilimia 60, na kwa hiyo zile dola 50 za mwaka 2005 zilihitaji kuwa zaidi ya 80 ili mtu abaki pale pale alipokuwa. Wakili wa maskini, basi, alipunguziwa mshahara pole pole kwa miaka 20 bila mtu kutangaza kwamba amepunguziwa. Na mwanzo wa mshahara wa makampuni makubwa ya Boston, uliokuwa dola 125,000 mwaka 2005, ulifika 225,000.

Majirani zetu hawakulala. Wakati Massachusetts inalipa 65, Rhode Island ilikuwa ikilipa dola 112, New Hampshire 125, na Maine 150. Mpaka wa New Hampshire uko karibu na hapa Lowell kiasi kwamba wengi wetu huvuka Jumamosi kwenda kununua vitu visivyotozwa kodi ya dukani.

Tarehe 27 Mei 2025 mawakili wengi wa kuteuliwa waliacha kupokea kesi mpya. Hawakuziacha kesi walizokwisha kuzishika. Walichokataa ni mpya. Na kwa kuwa mawakili hawa ndio huchukua takriban asilimia 80 ya kesi za washtakiwa wasio na uwezo, mahakama zilikwama, zaidi katika kaunti ya Suffolk, iliko Boston, na Middlesex, ambayo ni yetu. Mapema Julai jaji wa mahakama kuu aliamuru zile kanuni za siku 7 na siku 45 zitumike katika kaunti hizo mbili. Mwishoni mwa mwezi huo, Boston, mashtaka zaidi ya 100 yalifutwa kwa siku moja.

Kwenye magazeti habari hiyo ilikuwa ya bunge na mawakili. Kwetu sisi ilifika usiku, kwa kubishwa hodi. Jirani yetu mmoja, mjane tuliyehamia naye mtaa huu katika mwaka mmoja, alikuja na wazee wawili. Mwanawe wa miaka 22 alikuwa amekamatwa baada ya ugomvi nje ya duka. Dhamana ilikuwa imewekwa kiasi ambacho mama hakuwa nacho. Kijana alikuwa siku ya pili ndani, na hakimu alikuwa amemwambia kwamba hakuna wakili wa kumpa. Mama huyo hakuja kwetu. Alikuja kwa binti yetu.

"Mwanangu," alimwambia, "mimi sijui mambo ya bunge. Ninachojua ni kwamba wewe ni wakili na huyu ni ndugu yako."

Binti yetu alimwitikia kwa heshima, akamkalisha, akamweleza. Alisema wakili wa kuteuliwa hajichagulii mtu. Akiingia mahakamani asubuhi kupokea kesi mpya, atapewa ya kijana huyu na ya wale wote waliopangwa mbele yake, na kila wakili mwenziwe anaye jirani kama huyu aliyekuja usiku. Wakitoka mmoja mmoja kwa ajili ya jirani, mwisho wake watakuwa wametoka wote, na ujira utabaki 65 kwa miaka mingine 20, na kila mwaka watapungua wa kumtetea mtoto wa jirani.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Nimekuelewa, mwanangu. Moto mmeuwasha kwa haki yenu. Lakini kuni ni mwanangu."

Hakuna aliyemjibu, kwani lilikuwa neno la kweli. Na neno la binti yetu nalo lilikuwa la kweli. Tulikaa sebuleni kwetu na kweli mbili zilizoumizana, na aliyezigombanisha hakuwako. Alikuwa ameketi Boston katika bunge la jimbo, akijadili bajeti.

Hata hivyo binti yetu hakuishia kwenye kukataa, na aliyomweleza mama huyo usiku ule tunayaandika hapa kwa sababu yanamfaa kila mhamiaji. Alimwambia ahesabu siku 7 tangu kijana alipozuiliwa, na siku ya saba aulize kwa jina la kanuni hiyo. Alimwambia wasizungumze habari za ugomvi kwenye simu ya jela, kwani simu hizo hurekodiwa. Akamsisitizia kwamba kijana asikubali kosa ili atoke haraka. Huyo ni mwenye kadi ya kijani, si raia, na kukiri kosa dogo mbele ya hakimu kunaweza kuwa kosa kubwa mbele ya uhamiaji. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 2010, katika kesi ya Padilla, kwamba wakili wa mshtakiwa asiye raia anawajibika kumweleza kama kukiri kutamhatarishia ukaaji wake. Haki hiyo ni kubwa, lakini ili mtu aelezwe na wakili wake, sharti kwanza awe na wakili.

Hapo ndipo tunapoliona jambo hili kwa uzito wake. Tangu mwaka 1963, kwa hukumu ya kesi ya Gideon, mshtakiwa maskini wa kosa kubwa ana haki ya kupewa wakili na serikali. Haki hiyo haifiki kwenye mahakama za uhamiaji, ambako sheria inamruhusu mtu kuwa na wakili ilimradi serikali isimlipie. Kwa hiyo kwa wengi wetu, mahakama ya jinai ni mahali pekee ambapo tutapewa mtu wa kusimama nasi kabla mambo hayajafika uhamiaji. Akikosekana hapo, huko mbele hakuna mwingine wa bure aliyeahidiwa. Ndiyo maana watu wetu wanaangukia mikononi mwa wajaza fomu wa mitaani, wanaochukua dola mia kadhaa na kujiita washauri ilhali si mawakili wala hawana kibali cha serikali cha kuwakilisha watu. Ujira wa wakili wa maskini ukishuka, bei ya mlaghai ndiyo inayopanda.

Yule kijana alitoka siku ya saba, kwa masharti. Mashtaka yake hayakufutwa siku hiyo, na inafaa ijulikane kuwa hata yale yaliyofutwa kwa kanuni ya siku 45 yanaweza kurejeshwa. Katika siku hizo saba alipoteza kazi yake ya ghalani. Wakili alimpata Septemba, na kesi ikaisha majira ya baridi bila kuhukumiwa kosa. Mama yake hutusalimia. Husalimia kwa ufupi kuliko zamani, nasi hatumdai zaidi.

Tarehe 5 Agosti 2025 gavana alitia saini sheria iliyoongeza dola 20 kwa saa katika vipindi viwili: dola 10 mwaka huo wa fedha na dola 10 unaofuata. Kadhalika ilitenga fedha za kuajiri mawakili zaidi wa serikali wa kutetea maskini, ili jimbo lisiwategemee mno wa kuteuliwa. Mawakili walikuwa wameomba dola 35 kwa mkupuo, na si wote waliorudi. Binti yetu alirudi. Mahakama ya wilaya, basi, imepanda hadi 75, na kisha 85. Msomaji akumbuke ile hesabu ya dola 50 za mwaka 2005, ambazo leo zingehitaji kuwa zaidi ya 80. Nyongeza iliyopatikana kwa watu kukaa mahabusu bila mtetezi imewarudisha mawakili pale walipokuwa miaka 20 iliyopita.

Tunawaeleza haya si kwa kuwakatisha tamaa wazazi. Mtoto mwenye moyo wa kusoma sheria na asome. Lakini kabla ya kutia saini ya mkopo, familia ikae na kalamu na karatasi. Ulizeni kwanza deni litakuwa kiasi gani siku ya mahafali, si ada ya mwaka mmoja. Linganisheni shule yenye jina na ile iliyotoa ufadhili, pamoja na ya umma iliyoko Dartmouth. Muulizeni mtoto anataka kumtetea nani, kwa maana jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama ataanza na dola 225,000 au na 65,000, na deni litakalomngoja halitafanya tofauti kati ya wawili hao. Na mtoto aliyechagua kuwatetea maskini asihesabiwe na ukoo kwa ujira wa yule aliyechagua kuyatetea mabenki.

Kwa wale waliokwisha kupata uraia, kuna la ziada. Viwango hivi havikuandikwa mbinguni. Huwekwa na bunge la jimbo, na kila mmoja wetu ana mwakilishi na seneta wake huko, ambao afisi zao hupokea simu na barua. Tulipopiga simu ile Julai, aliyetupokea alituuliza anwani yetu kabla ya jina letu, ili ajue kama sisi ni wapiga kura wao. Tukamjibu kuwa ndio. Basi akayaandika.

Na sasa tuirejee ile habari ya alama zinazovuka mipaka. New Hampshire inatumia mtihani uleule. Kwa binti yetu ni mwendo usiofika nusu saa kwa gari, mishahara ya huko haikatwi kodi ya kipato ya jimbo, na hata baada ya nyongeza yetu malipo yao kwa saa yako juu sana. Ameanza kuulizia. Katika mahakama za hapa yeye ni mmoja wa mawakili wachache tunaowajua wanaoweza kumuuliza mzee wa Kikongo au mama wa Mombasa, kwa Kiswahili, "Ilikuwaje?" na kuelewa jibu lote, pamoja na lile lisilosemwa. Jimbo lenye shule za sheria zinazosifiwa dunia nzima linaweza kumpoteza mtu huyo kwa maili chache. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi.

Hatujamwambia abaki, wala hatujamwambia aende. Mwenye kulipa deni ni yeye, na anayejua ubaridi wa benchi la mahakama saa mbili za asubuhi ni yeye. Tulichofanya ni kumpigia hesabu zote mbili, ya huku na ya kule, tukaziweka mezani pake. Ametuambia atazitazama baada ya kesi ya mzee mmoja itakayosikizwa mwezi ujao, ambayo hataki kuiachia njiani.

Wasalaam.